Mwongozo kamili: kufanya kampasi iwe kijani ukiwa mwanafunzi wa MBA Nairobi (miti iwe ya mwisho)

Kila darasa jipya la MBA likiingia, lazima kuna mtu atasimama siku ya kukaribishwa aseme "wasee tuanzishe klabu ya mazingira", watu wapige makofi, grupu ya WhatsApp ifunguliwe hapo hapo, nembo ichorwe, tisheti za kijani ziagizwe, Jumamosi moja miche ipandwe nyuma ya maktaba na picha ziende LinkedIn na maneno matamu. Rudi Januari jua likiwa kali uangalie hiyo miche. Vijiti.

Sasa mimi sina shida na klabu wala tisheti, lakini nimesoma masomo ya jioni huku mchana nikifanya kazi ya prokyumenti, na kitu nimeona ni hiki: kampasi haigeuzwi na mabango, inageuzwa na bili na kandarasi. Nani analipa stima, nani ameshika tenda ya kafeteria, lori la taka linalipwa kwa safari ama kwa kilo, hiyo mkataba inaisha mwezi gani. Na mwanafunzi wa biashara ndiye anajua kusoma hizo karatasi, kwa hivyo usijishushe ati hii ni kazi ya watu wa sayansi. Alafu kuna jambo lingine, wewe hapo ni mpita njia, miaka miwili hivi umeshavaa joho umeenda, kwa hivyo kila unachofanya lazima kiwekwe mahali kitabaki bila wewe. Huo mwongozo wote hapa chini unazunguka hayo mawili tu.

Hatua ya 1: Jua kwanza uchafu wa Nairobi unatoka wapi

Keis stadi nyingi tunazopewa darasani zimeandikwa Marekani ama Uingereza, na huko hesabu ya karboni ya chuo inaanza na umeme na kupasha majengo joto. Ukikopi hiyo hesabu ulete Lower Kabete ama Madaraka utapotea njia mapema sana. Stima ya Kenya karibu asilimia 90 inatoka kwa vyanzo visivyoisha, mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua kidogo. Na hapa hakuna mtu anapasha darasa joto, Julai tunavaa sweta tu maisha yanaendelea.

Kwa hivyo moshi wa kampasi ya Nairobi sana sana uko mahali pane: jenereta ya dizeli, jikoni (gesi, na kwingine bado kuni na makaa), taka za chakula zinazoenda kuozea jalala la Dandora, na magari yetu sisi wenyewe tunaokuja darasa la jioni mtu mmoja gari moja. Kuokoa stima bado ni muhimu, tena sana, lakini hoja yako kwa hiyo iwe pesa. Usiende kumwambia mkuu wa fedha ati taa za LED zitaokoa dunia, mwambie zitaokoa bili, na hiyo ni kweli zaidi.

Kama unasoma pale Nairobi usione kama hili jambo limeletwa na wageni. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, iko Gigiri hapo, Wangari Maathai alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na akaanzisha Green Belt Movement 1977, na alipopigania Uhuru Park mwaka 1989 sehemu ya hoja yake ilikuwa nani atalipa deni la lile jumba refu lililotaka kujengwa ndani ya hiyo bustani. Hoja ya pesa. Ndio maana iliuma wakubwa.

Hatua ya 2: Tafuta watu watano, si mia

Grupu ya watu mia mbili haifanyi kazi, inatumiana jumbe za asubuhi njema. Tafuta mtu mmoja wa fedha ama uhasibu ambaye haogopi spredishiti, mmoja mwenye anafanya kazi kiwandani ama kwa operesheni, mmoja wa mauzo mwenye anajua kuongea na watu, mmoja mwenye ana subira ya kukaa ofisini akingojea karatasi, na mmoja wa mwaka wa kwanza. Huyo wa mwaka wa kwanza usimsahau, nitakwambia kwa nini mwishoni.

Alafu tafuta mhadhiri mmoja awe mlango wenu. Bila barua yenye kichwa cha idara hakuna ofisi itakupatia bili, na sio roho mbaya, ni vile hujulikani. Uliza kama shule yenu imesaini PRME, zile kanuni za elimu ya biashara yenye kuwajibika ambazo zilizinduliwa 2007 chini ya Umoja wa Mataifa. Shule zilizosaini huandika ripoti ya maendeleo, na kuna mtu mahali fulani anahangaika akitafuta cha kuandika. Huyo ndiye rafiki yako mpya, anahitaji namba na wewe unahitaji barua.

Watu wa kusalimia, kwa mpangilio huu: ofisi ya majengo, meneja wa kafeteria, prokyumenti, alafu fedha. Wengi huanza na mkuu wa shule (dean), wanapewa chai na tabasamu na inaishia hapo. Anza chini. Yule mzee wa jenereta na yule mama wa jikoni wanajua vitu ambavyo haviko kwa ripoti yoyote, lakini usiwaendee na kamera na maswali kama polisi. "Shikamoo" ya Pwani huku si lazima lakini "habari ya kazi mzee" ni lazima, na ukikuta watu wanakula ngoja wamalize. Mwambie kabisa hutafuti mtu wa kuripoti. Watu wa kazi za mikono washaona watafiti wengi wakija, wakiuliza, wakipotea, na mwezi unaofuata masaa ya ovataimu yanapunguzwa.

Hatua ya 3: Pata bili za miezi kumi na miwili

Mwaka mzima, sio mwezi mmoja. Kampasi wakati wa mitihani na kampasi ya Agosti watu wakiwa likizo ni vitu viwili tofauti. Omba hizi:

- bili za Kenya Power, zile zenye zinaonyesha uniti na dimandi (kilele cha matumizi)
- risiti za dizeli na daftari ya jenereta (masaa iliyowaka)
- bili za maji pamoja na risiti za maboza ya maji, hizo za maboza husahaulika na ndio huuma zaidi
- ankara za kampuni ya taka
- gesi na kuni, kama jikoni ni ya chuo
- karatasi na wino wa printa

Sasa siri kidogo. Kulingana na kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012, jengo ama taasisi inayotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka inafaa kufanyiwa ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, ripoti iende kwa mdhibiti wa nishati, siku hizi EPRA. Kampasi kubwa inapita hapo bila jasho. Maana yake ni kwamba kuna uwezekano mkubwa ripoti tayari iko, imelipiwa, imeandikwa na injinia mwenye leseni, na imelala kwa kabati ya mtu. Uliza tu: "ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa nishati iko wapi, na mapendekezo gani yametekelezwa?" Hilo swali moja linaweza kukupunguzia kazi ya muhula mzima. Na kama haipo, hiyo yenyewe ndio ugunduzi wako wa kwanza, lakini uiseme polepole, usiende kuipigia debe mtandaoni kabla ya kuongea na wenyewe.

Ukipata namba, weka zote shiti moja, mwezi kwa mwezi, pesa upande mmoja na kipimo upande wa pili. Dizeli ukiichoma lita moja inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hivyo kampasi inayochoma tuseme lita 400 kwa mwezi inatoa zaidi ya tani moja kila mwezi kwa jenereta peke yake. Msitumie wiki tatu mkibishana kuhusu skopu ya kwanza, ya pili na ya tatu (yale makundi ya hesabu ya karboni), anza na ile yenye risiti.

Hatua ya 4: Taka, na hapa tukae kidogo

Hapa ndio penye utajiri kwa sababu sheria iko upande wako, gharama inaonekana kwa macho na matokeo huja haraka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka kila taasisi, ya umma na ya binafsi, itenganishe taka pale pale zinapotoka, zinazooza upande huu na zisizooza upande ule. Sio ombi. Na mfuko wa plastiki wa kubebea tulishaaga tangu 28 Agosti 2017, faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 ama jela, wewe unajua.

Kampasi nyingi jibu lao limekuwa kununua mapipa ya rangi tatu. Niliwahi kuona kampasi moja, siitaji, mapipa mazuri kabisa yenye stika, wanafunzi wanasimama hapo wanafikiria kikombe kiende wapi, alafu jioni kijana wa usafi anakuja na gunia moja anamwaga yote pamoja. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia lori ni moja na lina sehemu moja ya nyuma, sasa yeye atenganishe aweke wapi? Jibu la maana kabisa, huyo kijana hana makosa. Shida ilikuwa kwa mkataba wa lori, na mkataba hausomwi kwa pipa.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza pima. Ongea na wale wa usafi, wape kitu kidogo cha shukrani kwa sababu mnawaongezea kazi, chagueni wiki ya kawaida ya masomo (sio ya mitihani, sio ya mahafali) na kwa siku tano mfululizo taka zote za kafeteria, madarasa na hosteli zimwagwe juu ya turubai sehemu yenye kivuli. Glavu nzito zile za mjengo, sio zile nyembamba za hospitali, buti, maski, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya kupima magunia. Gawanyeni marundo: chakula na maganda, karatasi kavu, karatasi chafu (tishu na sahani za karatasi), chupa za plastiki, plastiki laini, glasi na chuma, mengine. Pima kila rundo, andika kilo na limetoka jengo gani. Taka za kieletroniki na za maabara zisiguswe, hizo zina utaratibu wake.

Mara ya kwanza watu hushangaa. Walitarajia mlima wa chupa, wanakuta mlima wa ugali, wali, maganda ya viazi na majani ya chai. Nairobi kwa jumla zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza, na kafeteria ni zaidi ya hapo. Na chakula kina maji, ni kizito, kikilowesha karatasi zote zinakuwa hazina bei. Ndio maana kutenganisha ni hesabu ya pesa: karatasi nyeupe kavu na chupa safi zina mnunuzi, karatasi iliyolowa mchuzi haina. Ukiangalia rundo la chakula kwa karibu utaona kitu kingine, kimeliwa nusu kipi? Kama ni ugali umekatwa kipande kikubwa na umeachwa nusu kila sahani, hiyo si shida ya taka, ni shida ya kipimo cha sahani, na suluhisho ni ugali wa nusu kwa bei ya nusu. Mama wa jikoni atakubali mbio sana kwa sababu unga ni wake.

Alafu, mabaki yaende wapi? Chaguo ziko:

Mboji, kama kuna nafasi na mtunza bustani mwenye moyo. Inafaa kwa maganda na majani, chakula kilichopikwa chenye mafuta kinaleta panya. Wafugaji wa nguruwe upande wa Kiambu huchukua mabaki, lakini nyama ya nguruwe isiwemo kabisa na yachemshwe upya, kwa sababu homa ya nguruwe haina chanjo ya kutegemea hapa na inamaliza zizi lote. Ama mabuu ya nzi weusi, ile teknolojia ya kugeuza taka kuwa chakula cha kuku na mbolea. Hapa Nairobi Sanergy iliikuza sana, na Sanergy yenyewe ilianzishwa na wanafunzi wa MBA wa MIT Sloan, wakaanza Mukuru mwaka 2011 na biashara ya vyoo. Nakutajia hiyo kwa sababu watu hufikiria mradi wa darasa huishia darasani.

Kwa vitu vikavu, TakaTaka Solutions na Mr. Green Africa wako hapa hapa mjini. Usiende kwao na ndoto, nenda na kilo. "Tuna kilo kadhaa za karatasi nyeupe kwa wiki, kavu, mnachukua kwa masharti gani?" Ukiwa na shiti ya mizani mazungumzo ni mafupi.

Na wale vijana wanaokuja na mkokoteni kuchagua chupa kwa geti la nyuma, usiwafungie nje kwa jina la usafi. Hao ndio wamekuwa wakitenganisha taka za Nairobi kabla sheria haijaandikwa. Waingizwe kwa utaratibu, wapewe siku na saa.

Hatua ya 5: Stima, jenereta na hiyo ndoto ya sola

Kila klabu inataka sola kwanza. Nafahamu, inapendeza kwa picha. Strathmore waliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa mwaka 2014 na wakaingia mkataba wa kuuzia Kenya Power, na wanafunzi wengi wakiona hiyo wanataka yao kesho. Lakini sola ni ya mwisho kwa foleni. Ukiweka paneli kabla ya kupunguza matumizi, unanunua paneli za kuwasha taa ambazo hazikufaa kuwaka.

Anza na kutembea usiku. Saa tatu unusu madarasa yakiwa yameshaisha, zunguka na daftari: vyumba gani vina taa na hakuna mtu, projekta gani zimeachwa, kompyuta za maabara, friji ya soda yenye taa yake, pampu ya maji inawaka saa ngapi. Piga hesabu rahisi. Tyubu ya zamani ya futi nne na balasti yake inakula kama wati 40, ya LED wati 18. Tofauti ni wati 22. Ikiwaka masaa 10 kwa siku 250 za mwaka ni uniti 55 kwa kila tyubu, tyubu 200 ni uniti 11,000. Zidisha na bei ya uniti iliyo kwa bili yenu halisi (usitumie ya nyumbani, tarifu ni tofauti), gawa kotesheni ya tyubu na kazi ya fundi kwa hiyo pesa, unapata inarudi kwa miaka mingapi (zidisha na 12 upate miezi). Ukurasa mmoja. Mkuu wa fedha anasoma hiyo akinywa chai.

Jenereta nayo ina hesabu yake. Lita moja ya dizeli inakupa kama uniti 3 za stima, mradi jenereta isiwe imebebeshwa mzigo mdogo. Chukua bei ya dizeli kwa pampu wiki hiyo ugawe kwa 3, hiyo ndio bei ya uniti ya jenereta kabla hata ya sevisi. Linganisha na ya Kenya Power. Sasa uliza, stima ikipotea ni vitu gani hasa lazima viwake? Seva, taa za ngazi, lifti, maabara. Kuna kampasi jenereta kubwa inawaka kwa ajili ya ofisi tatu na birika ya chai. Betri na inverta ya hivyo vitu vichache inaweza kupunguza masaa ya jenereta sana, na hapo ndio sola inaanza kuwa na maana. Kuhusu kurudisha stima kwa gridi, kanuni za 2024 zinaruhusu lakini unachorudisha unahesabiwa nusu tu, kwa hivyo panga mfumo wa kutumia mchana wenyewe. Bahati nzuri kampasi inakula stima mchana. Desemba, kampasi ikiwa tupu, ndio shida.

Hatua ya 6: Maji, kwa haraka

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nairobi inapata kama milimita 900 kwa mwaka. Paa la mita 500, ukitoa asilimia 20 ya kupotea, ni lita 360,000. Mgao wa maji ukifika, hayo ni maboza mangapi hamtanunua? Maji hayo si ya kunywa, ni ya vyoo, kufua na bustani. Angalia mifereji ya paa kwanza, nyingi zimezibwa na majani na hakuna mtu amepanda huko juu tangu jengo lifunguliwe. Na vyoo vinavyovuja usiku: soma mita saa nne usiku na saa kumi na moja asubuhi. Kama imesonga na hakuna hosteli kwa hiyo laini, kuna bomba linakula pesa.

Hatua ya 7: Sisi na magari yetu

Hii watu hawapendi. Darasa la saa kumi na moja unusu, kila mtu anatoka kazini Upper Hill, Westlands, Industrial Area, anakaa jamu peke yake na redio. Ukiuliza kwa nini hapandi matatu atakwambia usiku, na kusema kweli ana haki, hasa dada zetu, kumaliza darasa saa mbili unusu na kusimama stejini gizani si mchezo. Kwa hivyo usihubiri matatu.

Kinachofanya kazi ni kugawanya watu kwa barabara. Fomu fupi: unatoka wapi, unaenda wapi, siku gani, una gari ama huna. Alafu grupu ndogo: Thika Road, Mombasa Road, Ngong Road, Waiyaki Way, Jogoo Road. Memba wawe wanafunzi wa darasa tu, na wajuane kwa sura. Mwenye gari asilipwe nauli kama teksi, mchango wa mafuta kwa M-Pesa mwisho wa wiki unatosha, na sheria iandikwe mapema: dereva anangoja dakika kumi, ukichelewa shauri yako. Asubuhi haifanyi kazi kwa sababu kila mtu ana ofisi yake, jioni ya kurudi nyumbani ndio inakubali. Ombeni chuo kitu kimoja tu, maegesho yaliyo karibu na geti yawe ya magari yenye watu watatu kwenda juu. Haigharimu kitu na itaongewa kampasi nzima.

Hatua ya 8: Ingiza kazi yote kwa masomo

Hakuna mtu anayefanya kazi, anasoma na ana familia atapata muda wa klabu juu yake. Kwa hivyo kazi ya klabu iwe ndiyo kazi ya darasa. Hesabu ya tyubu ni asainimenti ya fedha. Mizani ya taka ni ya operesheni. Ugali nusu bei nusu ni ya masoko, na kumfanya kijana wa usafi na kampuni ya lori wakubaliane ni ya tabia ya wafanyakazi, hiyo ngumu kuliko zote. Ongea na mhadhiri wiki ya kwanza ya muhula, sio ya tisa.

Kwa tasnifu, uwanja ni mpana na ajira ziko. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti za mazingira, jamii na utawala Novemba 2021, Benki Kuu ikatoa wake wa hatari za tabianchi kwa mabenki Oktoba mwaka huo huo, na ICPAK, chama cha wahasibu, imeweka ratiba ya IFRS S1 na S2, viwango vya ripoti za uendelevu, ambapo kampuni zenye maslahi ya umma zinaanza kwa lazima 2027. Kuna watu watahitajika kuandika hizo ripoti na wengi wa sasa wanajifunzia kazini. Kama unataka keis ya hapa hapa yenye inahusu maisha ya wanafunzi, soma hati fungani ya kijani (deni la kuuziwa wawekezaji kwa miradi ya mazingira) ya kampuni ya Acorn ya mwaka 2019, shilingi bilioni 4.3 za kujenga hosteli, ya kwanza ya aina yake Kenya, ikaorodheshwa Nairobi na London. Wale wa hosteli za Qwetu unaowajua. Jiulize hosteli inakuwa kijani kwa vigezo gani, nani anakagua, na mpangaji analipa zaidi ama hapana. Hapo kuna tasnifu tatu.

Usisahau leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na idhini ya maadili kabla ya kukusanya data, watu hukwama hapo miezi.

Hatua ya 9: Peleka karatasi moja, na uipeleke kwa wakati

Proposo iwe ukurasa mmoja: tatizo kwa shilingi, suluhisho, gharama, pesa inarudi lini, nani anafanya nini. Moja kwa wakati. Ukipeleka mambo kumi utaambiwa kamati italiangalia.

Lakini kilicho muhimu kuliko maandishi ni kalenda. Uliza prokyumenti mikataba hii inaisha lini: taka, kafeteria, usafi, printa. Miezi mitatu ama minne kabla ya tenda kutangazwa ndio dirisha lako, baada ya kusaini hata uwe na hoja za dhahabu utangoja. Na usiombe "mzabuni awe anajali mazingira", hiyo haina meno. Omba vipengele vinavyoweza kukaguliwa: lori lenye sehemu mbili ama siku tofauti kwa taka zinazooza, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), risiti ya uzito kila safari, karatasi inayoonyesha taka zimemwagwa wapi, malipo kwa kilo badala ya safari. Kwa kafeteria: vikombe vya kuoshwa kwa wanaokula hapo, sahani ya nusu kwa menu, mabaki kupimwa kila siku. Vile vikombe vya karatasi watu hufikiria ni salama vina plastiki nyembamba ndani, havina mnunuzi, msivihesabu kama ushindi.

Uzuri wa kipengele kwa mkataba ni kwamba hakihitimu. Wewe ukienda, bado kiko.

Hatua ya 10: Miti, sasa sawa

Mkitaka kupanda pandeni, mvua ya Machi ama ya Oktoba inapoanza, miti ya kwetu kama muringa na mukinduri, mbali na mabomba, na kwa idadi ambayo mtunza bustani amekubali kumwagilia mpaka mwaka uishe. Muulize yeye namba, sio kamati ya picha.

Hatua ya 11: Makabidhiano

Ndio maana ya yule wa mwaka wa kwanza. Mpe folda akiwa bado ana muhula wote mbele, na iwe kwa akaunti ya idara, sio Gmail ya mtu anayehamia Kigali akishahitimu. Ndani yake kuwe na shiti ya bili, shiti ya mizani pamoja na picha za turubai, ripoti ya ukaguzi wa nishati, tarehe za mikataba yote kuisha, na orodha ya nani alisema ndiyo na nani alisema "tutaona". Weka pia vyeo na ofisi za watu waliowasaidia, na nenda naye mwenyewe umtambulishe kwa mzee wa jenereta na mama wa jikoni, uso kwa uso, kwa sababu hao hawafungui folda za Google. Mizani muiache stoo ya ofisi ya majengo, isainiwe kwa daftari, la sivyo muhula ujao itakuwa inapima nyama mahali.